Mpe Mtoto Aonje, Shamba Lijibu



Leo siongelei kantangaze wala bei ya mbolea. Naongelea mteja ambaye wengi wenu hamjawahi kumweka kwenye hesabu: mtoto wa miaka sita, saba, nane, anayepita sokoni kashikwa mkono na mama yake. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Kijana unayelima mboga kwa biashara na unauza Dar es Salaam, hasa katikati ya mji kuanzia Posta mpaka Kariakoo, tenga sehemu ndogo ya mzigo wako watoto waonje bure. Na kama unajijua kabisa kwamba huwezi kumpa mtoto mboga yako aitafune mbichi pale pale mezani, basi tatizo haliko sokoni. Liko shambani, na inabidi tulishughulikie kwanza.

Najua kuna atakayeguna: "Afisa, sisi tunahesabu matenga, wewe unatuletea habari za watoto." Nivumilie kidogo, matenga tutayafikia.

Mtoto wa mjini ni mnunuzi tayari

Hapa Dar mtoto anatumwa genge tangu mdogo. Anapewa shilingi 1,000, anaambiwa lete nyanya, kitunguu na fungu moja la mchicha, na chenji irudi. Anajua fungu lililojaa na fungu la kudanganyia. Anajua muuzaji gani anaongeza na yupi hana masihara. Kwenye bei ya nyanya anaweza kumshinda baba yake. Ila jioni sahani ikija, mchicha ule ule aliounua kwa mkono wake anausukuma pembeni. Tuna mnunuzi asiyekula anachonunua. Akikua akaanza kushika hela zake mwenyewe, unadhani atanunua nini?

Wapo wanaosema watoto wa siku hizi wamezoea chipsi, kwa hiyo hawawezi kula kitu kibichi. Mimi nakataa. Simama Mnazi Mmoja mchana shule zikitoka, au tembea Mtaa wa Msimbazi. Utawaona na sare zao wananunua embe bichi lililopasuliwa na kupakwa chumvi na pilipili. Utaona tango limemenywa, limechanwa, likatiwa chumvi, na mtoto analitafuna huku anakimbilia gari. Hakuna aliyewakalisha chini kuwahubiria faida za tango. Wanakula kwa sababu limekatwa vizuri, liko mkononi, lina ladha, na rafiki yake naye anakula.

Yule kaka mwenye beseni la matango ametuzidi akili sisi wote tunaochapisha mabango ya lishe. Anauza tonge la kwanza, na tonge la kwanza ndilo gumu kuliko yote.

Kwa nini mtoto anakataa mboga

Tusimlaumu mtoto kwa maumbile yake. Kuanzia kama miaka miwili watoto wengi huogopa chakula wasichokijua, na ulimi wao unashika uchungu kwa haraka kuliko ulimi wa mtu mzima. Mnafu ambao wewe unausifia, kwake ni dawa.

Ila watafiti wa lishe ya watoto wameona jambo moja tena na tena: mtoto akionjeshwa chakula kile kile kidogo kidogo, bila kulazimishwa, huanza kukizoea. Mara nyingi inachukua kuonja mara 8 mpaka 15 hivi. Sasa angalia nyumbani kunatokea nini. Mama anajaribu mara mbili, mtoto anatema, basi. Anapewa jina: "Huyu mboga hali." Jina likishashika, hata jirani anamkaribisha chakula bila mboga. Mara kumi zilizobaki hazijawahi kufika.

Na kumlazimisha hakusaidii. Mtoto aliyeshikiwa fimbo ili amalize mchicha anaukumbuka mchicha pamoja na fimbo.

Hapo ndipo meza yako inapopata kazi. Wewe siyo mzazi wake, huna ugomvi naye, na mezani kwako kuna watoto wengine wanaojaribu. Kila Jumamosi akipita akaonja kijiti kimoja cha karoti, umeshamsaidia mama yake mara nne kwa mwezi.

Jambo hili siyo dogo. Utafiti wa afya na viashiria vya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34, kwa hiyo tunasogea, ila polepole. Sisemi karoti peke yake itaondoa udumavu. Udumavu una mambo mengi ndani yake, kuanzia lishe ya mama mjamzito mpaka maji safi na maradhi. Ila mlo usio na mboga wala matunda ni sehemu ya tatizo, na sehemu hiyo sisi wakulima tunaiweza.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023 linasema mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 ale gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Weka gramu 350 kwenye mizani yako uone zilivyo. Kisha piga hesabu ya biashara: darasa moja la watoto 45 wa umri huo linahitaji kilo 15 na robo tatu kwa siku moja, mboga na matunda kwa pamoja. Darasa moja tu. Wewe unahangaika kutafuta soko la nje wakati soko la ndani halijafundishwa kula.

Dalali ananunua kwa macho

Kariakoo naiheshimu. Jengo la soko kuu lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na kwa miongo mingi limelisha mji huu. Hata lilipoungua Julai 2021, mboga hazikukoma kuingia Dar. Biashara ilitawanyika kwenye masoko mengine na maisha yakaendelea. Nyanya za Ilula, karoti na kabichi za Lushoto, mboga za Mgeta, zote zinajua njia ya mjini.

Ila mfumo wa jumla una tabia moja. Mzigo unaposhuka usiku, dalali anaangalia ukubwa, rangi na ugumu. Anabonyeza nyanya kwa kidole gumba, anatazama tenga limejaaje, anataja bei. Hajawahi kuuliza: "Hii ni tamu?" Na wewe ukirudi shambani unalima kile alichokibonyeza: nyanya yenye ganda gumu, iliyochumwa ikiwa nusu kijani ili ivumilie lori. Simlaumu dalali, hiyo ndiyo kazi yake, na nyanya laini haifiki mjini salama. Ninachosema ni kwamba unaweza kulima miaka mitano bila kumwona hata mtu mmoja akila ulichokilima.

Mtoto ni kinyume cha dalali. Umbo hajali. Karoti iliyopinda miguu miwili inamchekesha, anaitaka hiyo hiyo. Ila ikiwa chungu au imenyauka atakwambia hapo hapo, tena kwa sauti, mbele ya wateja wako. Hakuna anayeweza kukupa taarifa ya ladha kwa bei rahisi kuliko huyo.

Tuta la nyumbani na tuta la sokoni

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Nikitembelea mashamba ya mboga, mara kadhaa nimeonyeshwa kona ndogo nikaambiwa: "Afisa, chuma hapa. Hili ni tuta la nyumbani. Lile kubwa ni la sokoni."

Kijana, ukiwa na tuta la nyumbani lisilopigwa dawa na tuta la sokoni ambalo familia yako hailigusi, umeshajihukumu mwenyewe. Unajua. Na mtoto wa Kariakoo hana tofauti na mwanao.

Ndiyo maana nasisitiza kuonjesha. Siku utakayoamua kwamba Jumamosi mtoto wa mtu atatafuna tango lako bila kulipika, mambo manne lazima yakae sawa kuanzia wiki kadhaa nyuma.

La kwanza ni dawa. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina lebo, na lebo inataja siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Siku hizo zinatofautiana kwa dawa na kwa zao, kwa hiyo usifuate alichokwambia jirani, soma lebo yako. Andika kwenye daftari tarehe ya kupiga, jina la dawa, na tarehe ya kwanza unayoruhusiwa kuvuna. Nyanya na matango yanavunwa mfululizo, na hapo ndipo vijana wengi wanapochemsha: amepiga Jumatano, Ijumaa tenga limejaa. Dawa isiyo na lebo, au iliyopimwa kwenye kifuniko ikauzwa ndani ya chupa ya maji, usiitumie kabisa. Ukiwa na wasiwasi na dawa yoyote, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndiyo yenye dhamana ya usajili, uliza.

La pili ni mbolea. Samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi ambayo haijaiva ipite siku 120 kabla ya kuvuna zao la chakula linalogusana na udongo. Sasa mchicha wetu unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Hesabu haikubali. Tumia mboji iliyoiva vizuri, au weka samadi mapema kwenye zao lingine linalotangulia.

La tatu ni maji. Najua mabonde ya mji huu yanalisha watu wengi na yamesomesha watoto wengi. Ila mto unaopokea maji machafu ya viwandani na ya majumbani, Msimbazi ukiwa mfano wa wazi, siyo wa kumwagilia mboga ya kuliwa mbichi. Kama maji yako ndiyo hayo, onjesha mboga za kupikwa kutoka kwa mwenzako mwenye kisima salama, au anza mpango wa kuhamia eneo lenye maji bora. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi madini mazito.

La nne ni kuosha na kusafirisha. Mboga ya kuonjwa ioshwe kwa maji safi na salama yanayomiminika, siyo kwenye ndoo moja iliyoosha mzigo mzima. Isikae karibu na nyama wala samaki. Vuna jioni au alfajiri, funika kwa kitambaa chenye unyevu, maana jua la Dar saa tano asubuhi halina huruma na tango.

Ukishayaweka sawa haya manne, umeshapata mali ambayo jirani yako hana. Unaweza kumwambia mzazi, na kumwonyesha kwenye daftari, dawa ilipigwa lini. Mfanyakazi wa ofisi pale Posta hajui tofauti ya nyanya zako na za meza ya pili. Zote ni nyekundu. Akiona daftari, na akaona mwanao au wewe mwenyewe mnakula kwanza, tofauti ameipata.

Namna ya kuonjesha bila kuharibu

Anza na vitamu. Karoti, tango, nyanya iliyoivia mtini, hoho nyekundu. Hoho nyekundu ni ile ile ya kijani iliyoachwa iive, na watoto wengi wanaikubali kwa sababu uchungu umepungua. Viazi lishe vya kuchemsha, vile vya rangi ya chungwa, navyo havikataliwi. Ukishazoeana nao, ndiyo ulete majani.

Majani yaonjwe yakiwa yamepikwa. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi, ni marufuku kuonjwa bila kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Mnafu na matembele nayo ni ya kupika. Sufuria moja ndogo ya mchicha wa nazi inatosha watu wengi, kijiko kimoja kimoja. Bibi zetu wa pwani waliotia tui kwenye mchicha walikuwa sahihi: chanzo cha vitamini A kilichomo kwenye majani kinahitaji mafuta ili mwili ukipokee. Kamulia na limau, maana vitamini C inausaidia mwili kupokea madini ya chuma.

Angalia umri. Mtoto wa chini ya miaka minne usimpe kipande kigumu cha duara wala nyanya ndogo nzima, inaweza kumkaba. Karoti mkwangulie, nyanya ndogo mpasulie vipande vinne kwa urefu, na awe amesimama au amekaa, siyo anakimbia.

Muulize mzazi kwanza. "Mama, shikamoo, naomba mdogo wangu aonje karoti, ana mzio wowote?" Mchicha wa karanga ni mtamu ila kuna watoto karanga zinawadhuru. Na mwezi wa Ramadhani, Kariakoo siyo mahali pa kuonjesha mchana. Hamishia karibu na futari au subiri Idi ipite.

Mpe achague. Usimuulize "unataka mboga?" Muulize "karoti au tango?" Akikataa, mwache, mwambie karibu wiki ijayo. Akitema, usicheke. Leta na mche mzima: karoti yenye majani yake, mchicha wenye mizizi. Wengi wa watoto wa ghorofani hawajawahi kuona karoti ikiwa na majani. Na weka maji ya kunawa mikono, ya bomba au ya ndoo yenye koki.

Hesabu yenyewe

Kilo moja ya karoti za wastani inatoa kama karoti kumi. Kila moja ukiichana vijiti vinane, umepata watoto themanini. Tuseme unatoa kilo mbili za karoti na kilo mbili za matango kwenye mzigo wa kilo 200. Hiyo ni asilimia mbili. Meza isiyo na kivuli inaweza kukupotezea zaidi ya hapo kwa mnyauko kabla ya adhuhuri.

Usiniamini mimi, liamini daftari lako. Jaribu Jumamosi nne mfululizo. Andika walioonja wangapi, wazazi walionunua wangapi, na waliorudi wiki inayofuata wangapi. Baada ya hapo amua mwenyewe.

Kuna wenzetu wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2011 soko la wakulima la Oregon City, Marekani, lilianzisha mpango wa Power of Produce: kila mtoto anayefika anapewa tokeni za dola 2, ananunua mwenyewe mboga au tunda analolitaka. Mpango ule umesambaa kwenye masoko mengi kule. Sisi dola za kugawa hatuna, lakini tuna kitu wao hawana: mtoto anayetumwa sokoni tayari. Kikundi cha vijana watano kinaweza kutengeneza kadi ndogo. Mtoto akionja mboga tano tofauti, mara ya tano anachagua fungu moja la bure kupeleka nyumbani. Hilo fungu litapikwa, kwa sababu yeye ndiye kalileta.

Kuhusu mahali, usiende kupanga meza kwenye njia ya waenda kwa miguu. Tangu zoezi la kuwapanga wamachinga mwaka 2021, mjini kuna maeneo ya kuuzia na maeneo ambayo mzigo wako utabebwa. Ongea na uongozi wa soko, Kisutu kwa mfano iko hatua chache tu kutoka Posta, au shule siku ya kikao cha wazazi, au nyumba ya ibada baada ya ibada. Muone afisa biashara na afisa afya wa Halmashauri ya Jiji kabla, siyo baada. Chakula cha kuonjesha ni chakula, na afya wana haki ya kukagua.

Watakaobisha

Wapo watakaosema watu watakula bure na kuondoka. Ndiyo, wapo. Kijiti cha karoti hakijamfilisi mtu. Wapo watakaosema mtoto hana hela. Hana, ila mwenye hela yuko pembeni yake, na mama aliyemwona mwanawe "asiyekula mboga" akiomba kijiti cha pili hahitaji kubembelezwa na wewe.

Na wapo watakaosema kazi ya lishe ni ya Serikali. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu mwaka 1973 na inafanya kazi yake. Lakini taasisi hailimi mchicha. Anayeulima ni wewe, na anayejua ulipigwa nini ni wewe.

Kazi ya wiki hii ni moja. Nenda shambani, simama mbele ya tuta la sokoni, chuma kitu kimoja kinacholiwa kibichi, kioshe, umpe mwanao au mdogo wako. Mkono ukisita, fungua daftari la dawa utafute ni wapi pa kurekebisha, au nipigie nije tuangalie pamoja. Usiposita, chana vijiti, Jumamosi tukutane mjini.